Kutembelea mji wa mgodi wa zamani wakati wa baridi: Kipushi na jirani zake

Kama unaishi Lubumbashi, au unakuja kumwona ndugu huko, na unatamani kuona mji uliojengwa kwa ajili ya mgodi kisha mgodi ukafungwa, makala hii inakueleza pa kwenda, wa kumwomba ruhusa, cha kuvaa na cha kutia mfukoni. Huhitaji kujua lolote kuhusu uchimbaji. Unahitaji viatu vya kufunika mguu, subira ya kukaa kwenye mabenchi ya ofisi, na siku moja nzima katika miezi ya Juni au Julai.

Swali la kwanza ni mji upi. Wengi hutaja Kinsevere, kwa kuwa jina hilo husikika sana na liko karibu, kilomita kama 30 kaskazini mwa Lubumbashi. Kinsevere siyo unayoitafuta. Pale kuna mgodi wa shaba unaofanya kazi usiku na mchana. Kampuni ya MMG iliuchukua mwaka 2012 kutoka kwa kampuni ya Anvil, na miaka ya karibuni imeupanua ili itoe kobalti pia. Kuna uzio, walinzi, malori na milipuko ya kupasua mwamba. Mtu asiyealikwa huishia getini. Kama una sababu ya kweli ya kuingia, kwa mfano wewe ni mwalimu na una wanafunzi, andikia kampuni barua wiki kadhaa kabla, na usiende mpaka ujibiwe.

Mji unaofaa ni Kipushi, kilomita kama 30 kusini magharibi mwa Lubumbashi, ukigusana na mpaka wa Zambia. Mgodi wake ulianza kazi mwaka 1924 chini ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, ukiitwa kwa jina la mwana wa mfalme, Léopold. Rais Mobutu alipoitaifisha Union Minière, mgodi ukaingia mikononi mwa Gécamines, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 1967. Kwa karibu miaka 70 yalitoka humo mawe ya tani zipatazo milioni 60, yenye zinki na shaba nyingi kuliko kawaida. Mwaka 1993 uchimbaji ukasimama. Fedha zilikuwa zimekauka, Gécamines ilikuwa inaporomoka, na mgodi wa chini ya ardhi ni ghali kuuendesha, kwani hata usipochimba lazima usukume maji nje kwa pampu kila siku. Mwaka 2011 pampu zilishindwa, maji yakajaa sehemu za chini, na ikachukua miaka kadhaa kuyatoa.

Watu hawakuhama. Kazi ndiyo iliyohama, na hili ulielewe kabla hujafika, maana ukienda ukitafuta mji wa mizimu utawakera wenyeji. Wafanyakazi wa Gécamines walikaa miezi mingi bila mshahara. Mwaka 2003, kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines katika miji yote ya Katanga, eneo lenye Lubumbashi na Kipushi, walipewa kiinua mgongo cha mara moja na kuachishwa kazi. Wengi walibaki katika nyumba zile zile za kampuni, wakalima bustani, wakafungua vibanda. Nao mgodi haukufa moja kwa moja: kampuni ya Ivanhoe ya Kanada, ikishirikiana na Gécamines, iliufungua tena, na mtambo mpya wa kutenganisha zinki ukaanza kazi Juni 2024. Kwa hiyo utakachokiona ni mji uliolala miaka 30 na ambao sehemu yake imeamshwa, sehemu nyingine bado. Kwa maoni yangu hilo linavutia kuliko magofu matupu.

Kwa nini nakushauri uende wakati wa baridi? Katanga iko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na iko kusini mwa ikweta. Mvua hukatika kufikia Mei na hurudi Oktoba au Novemba. Juni na Julai asubuhi joto hushuka hata chini ya nyuzi 10, kisha mchana hupanda mpaka karibu nyuzi 25. Mgeni kutoka Dar es Salaam au Mombasa asidanganywe na neno Afrika, aje na sweta nzito na kikoti. Vaa nguo za kuvuliwa moja moja kadiri joto linavyopanda. Barabara za vumbi hupitika, matope hakuna, na mbu hupungua, ingawa hawaishi, kwa hiyo chandarua bado ni lazima. Shule hufungwa Julai, na hilo huwafaa wenye watoto. Epuka tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru, kwa sababu ofisi hazifunguki, na bila ofisi huna ruhusa.

Ubaya wa msimu huu ni vumbi, pamoja na moshi wa nyasi zinazochomwa kila mahali. Nitarudi kwenye vumbi.

Sasa tuje kwenye ruhusa, maana hapa ndipo safari nyingi hukwama. Kutembea katika mitaa ya Kipushi, kula sokoni na kusalimiana na watu hakuhitaji karatasi ya pekee zaidi ya kitambulisho chako. Mwenyeji abebe kadi ya mpiga kura. Mgeni abebe pasipoti yenye viza, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na nakala za vyote viwili. Lakini ukitaka kukaribia mnara wa mgodi, kuingia kwenye karakana za zamani, au kupiga picha za mitambo, unaingia kwenye ardhi yenye mwenyewe. Hata jengo lililobomoka paa na kuota miti ndani ni mali ya Gécamines au ya mshirika wake.

Fanya hivi. Andika barua fupi ya Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha ya ofisi zote za Kongo. Kama huiwezi, wako waandishi wa kulipwa mjini watakaokuandikia na kuichapa. Barua itaje jina lako, kazi yako, tarehe ya ziara, majina ya wote mtakaokwenda, unachotaka kuona, na kama utapiga picha au la. Chapa nakala tatu. Moja ipeleke makao makuu ya Gécamines, ambayo yako Lubumbashi kwenye barabara ya Kamanyola. Ya pili ipeleke kwa msimamizi wa wilaya ya Kipushi. Ya tatu ibaki kwako, na kila ofisi igonge muhuri wa kupokea juu yake. Nakala hiyo yenye mihuri ndiyo itakayokuokoa barabarani, hata kabla majibu rasmi hayajatoka.

Anza angalau wiki mbili kabla. Karani akikuambia urudi kesho, rudi kesho, kwa sauti ya chini na shati safi. Ukiombwa ada, lipa, lakini omba risiti yenye muhuri. Mtu anayedai pesa na hataki kuandika risiti hakutozi ada, na una haki ya kumwambia kwa adabu kwamba utamngoja mkubwa wake.

Ukifika Kipushi, usianze na mgodi. Pitia ofisi za mji, onyesha barua, kisha uombe mtu wa kukutembeza. Mtembezaji bora ni mzee aliyefanya kazi ya mgodi. Anajua shimo lipi lilizibwa na lipi halikuzibwa, na anajua ni mlinzi gani wa kusalimiwa kwanza. Muite papa au baba, kama wanavyofanya wenyeji, na mama yeyote wa makamo ni mama. Kubalianeni malipo yake kabla ya hatua ya kwanza, kwa franka au kwa dola, ili jioni kusiwe na manung'uniko.

Gharama ni kiasi gani? Usitegemee kukuta kibanda cha tiketi wala bei iliyobandikwa ukutani. Hesabu yako iwe na mafungu manne: usafiri, chakula, malipo ya mtembezaji, na akiba ya dharura ambayo isipungue nauli ya kurudi mara mbili. Usafiri wa bei nafuu ni basi dogo la abiria kutoka Lubumbashi. Nauli hufuata bei ya mafuta, na kondakta anaweza kumpandishia mgeni, kwa hiyo usimuulize yeye, muulize abiria aliyekaa kando yako. Gari la kukodi pamoja na dereva ni ghali mara nyingi zaidi, ila mkiwa wanne au watano mzigo hugawanyika, nanyi mnaweza kuondoka mnapotaka. Dola hupokelewa kila mahali, lakini noti iliyochanika hata kidogo, iliyochakaa au iliyoandikwa kalamu itakataliwa. Beba noti ndogo safi, na franka za kutosha kwa soko na vibanda.

Ondoka asubuhi mapema. Jua la Julai huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na hutapenda kuwa barabarani gizani katika nchi ya malori. Barabara za Katanga hupitisha asidi ya salfa, tindikali kali ambayo migodi huitumia kuyeyushia shaba kutoka kwenye mawe. Februari 2019, karibu na Tenke upande wa Kolwezi, lori la tindikali lilipata ajali na kuua watu wapatao 20. Dereva wako akae mbali na tangi lolote, na mkikuta lori limepinduka msishuke kutazama. Geuzeni gari, mwende upande upepo unakotoka ili mvuke usiwafuate.

Nini cha kuona? Kwanza mnara wa mgodi, nguzo za chuma zenye magurudumu makubwa juu. Kamba zake zilishusha wachimbaji na kupandisha mawe. Mashimo ya Kipushi yanateremka zaidi ya mita 1,000, na usimruhusu mtu yeyote akuahidi kukushusha huko kwa malipo ya pembeni. Kisha zunguka kwenye mitaa ya wafanyakazi. Union Minière ilijenga nyumba zilizopangwa kwa mistari, pamoja na shule, zahanati na viwanja vya michezo, na ikawapa wafanyakazi posho ya chakula iliyoitwa poso. Kampuni ilimlisha mtu, ikamtibu, ikamsomeshea mwanawe, na ikaamua pia aishi wapi na nani. Waulize wazee kuhusu poso. Swali hilo hufungua mazungumzo marefu, na utasikia wanaolia kwa ajili ya siku zile na wanaozilaani wakikaa kwenye ukuta mmoja.

Linganisha nyumba mbili tatu mkiwa mnatembea. Cheo cha mtu kilionekana kwenye ukubwa wa nyumba, uwanja na miti ya kivuli, na mstari kati ya makazi ya Wazungu na ya Waafrika bado unasomeka ardhini kwa mtu anayetazama upana wa barabara. Usiingie uani bila kukaribishwa, na usiinue kamera kabla ya kusalimia. Kuta zenye nyufa unazotaka kuzipiga picha ni sebule ya mtu.

Hatari ziko za aina tatu. Ya kwanza ni mashimo. Machimbo ya wazi ya zamani, popote Katanga, hujaa maji ya buluu au kijani yanayopendeza kwa macho. Usioge humo na usikaribie ukingo, kwani udongo uliokauka hukatika bila onyo. Nyasi ndefu huficha matundu ya kupitishia hewa, kwa hiyo kanyaga mzee anapokanyaga. Ya pili ni vilima na nyanda za tope lililokauka, kijivu au jeupe, ambalo ni mabaki ya mawe yaliyosagwa. Mtoto hulidhani mchanga wa kuchezea.

Ya tatu ni vumbi lenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini Katanga. Walikuta kobalti na metali nyingine kwa viwango vya juu sana, hasa kwa watoto. Siku moja ya kutembea haitakudhuru kama miaka ya kuishi, lakini haigharimu kitu kujilinda. Funika pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa upepo ukivuma. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, wala usile ukitembea. Matunda yaoshe au yamenye. Mama mjamzito na watoto wadogo wabaki upande wa soko, ambako bukari (ugali) ya moto na sombe (kisamvu) vitawafaa kuliko kilima cha mabaki.

Kuhusu kamera: mitaa, soko na watu waliokubali, sawa. Askari, vizuizi vya barabarani, mpaka wa Zambia na geti la mgodi, usipige kabisa, hata kwa simu. Ukisimamishwa, salimia, toa nakala ya barua, na ueleze kwa kifupi. Anayebisha kwa sauti hulala kituoni mara nyingi kuliko anayenyamaza. Na kwa kuwa mpaka uko pale pale, usimfuate mtu kwenye njia za panya kwa ajili ya kufupisha mwendo. Ukijikuta Zambia bila muhuri, maelezo yako yatakuwa marefu katika nchi mbili.

Wapo watakaokuambia kwamba mji wa kweli wa kuona ni Shinkolobwe, karibu na Likasi. Usiende. Ni kweli historia yake ni kubwa: urani iliyogunduliwa hapo mwaka 1915 ndiyo iliyotumika kwa sehemu kubwa katika mabomu ya atomiki ya Marekani ya 1945. Mashimo yalizibwa mwaka 1960. Baadaye wachimbaji wa mikono walirudi kwa maelfu kutafuta kobalti, mpaka amri ya rais ya Januari 2004 ilipofunga eneo lote. Julai mwaka huo huo sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua watu. Leo ni eneo lililokatazwa, lenye ardhi isiyotulia na mawe yenye mionzi. Hakuna mtembezaji mwaminifu atakayekupeleka, na anayekubali kwa pesa ndiye wa kumkimbia.

Ukiwa na siku ya pili, nenda Likasi kwa njia halali. Ni kilomita kama 120 kutoka Lubumbashi kwa barabara ya lami yenye kituo cha kulipia. Baridi yake ni ile ile, vilima vimeinuka zaidi, na mji una majengo mengi ya enzi ulipoitwa Jadotville. Gécamines ina mkusanyo wa madini huko, uliopewa majina ya Sengier na Cousin, wakubwa wa zamani wa Union Minière. Ombeni kuuona kwenye barua ile ile mliyopeleka Lubumbashi, msibishe hodi tu. Njiani tazama vilima visivyo na miti mikubwa, vimezungukwa na msitu wa miombo. Udongo wenye shaba nyingi huua mizizi ya miti mingi, na wahunzi wa kale walivitambua vilima hivyo karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Misalaba ya shaba waliyoisubu utaiona kwenye makumbusho ya taifa mjini Lubumbashi. Anzia huko kabla ya safari yote, maana ukishaishika historia hiyo akilini, Kipushi inakuwa sura ya mwisho tu.

Na anayetaka mji wa mgodi ulio chini ya mlima hasa, mlima wenye theluji juu yake? Huyo aende Kilembe, Uganda, juu kidogo ya mji wa Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kubeba shaba ya Kilembe, mgodi ukasimama mwaka 1982, na mto Nyamwamba umefurika zaidi ya mara moja, ikiwemo Mei 2013, ukichukua nyumba za wafanyakazi na kuharibu hospitali. Tofauti na Kipushi, Kilembe ni mlango wa wapanda mlima, kwa hiyo waongozaji wapo na bei zao hutangazwa. Juni mpaka Agosti mvua hupungua huko pia, ila juu kabisa, karibu na kilele cha Margherita chenye mita 5,109, baridi ni ya barafu na mavazi ya Lubumbashi hayatoshi.

Swali la mwisho ambalo kila mtu huuliza sokoni: naweza kununua jiwe? Malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari, huuzwa likiwa limechongwa kuwa shanga, visanduku na wanyama. Lililochongwa linunue kwa fundi, na umwombe risiti. Mawe ghafi yaache. Sheria ya migodi ya Kongo inamtia hatiani anayebeba madini bila karatasi, na kwenye uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, wanafungua mabegi. Jiwe utakalookota karibu na Likasi laweza pia kuwa na urani ndani yake, na huwezi kulijua kwa macho.

Ukirudi nyumbani, vua viatu nje ya mlango, vipanguse kwa kitambaa chenye maji badala ya kuvikung'uta, na nguo za siku hiyo zifuliwe peke yake. Ukipata kifua kinachobana au macho yanayowasha zaidi ya siku mbili, nenda hospitali ya Jason Sendwe mjini Lubumbashi au zahanati iliyo karibu, na umwambie daktari wazi kwamba ulikuwa kwenye mabaki ya mgodi.